Mjane Kurudishiwa Mume kwa Kaske

Kwa heshima na taadhima, wakazi wote wa Bujumbura, walio hai na walio kwenye foleni ya mafuta, mnatangaziwa kwamba Bi Saliha, muuza mitandio wa Quartier Asiatique, atakuwa mjane wa kwanza nchini kurudishiwa mumewe kwa kaske, zile spika ndogo za kuvaa masikioni. Wenye presha wakae mbali.

Marehemu Hamissi alikuwa fundi magari. Jumapili alikuwa mpiga kontrabasi, lile gitaa refu kama kabati ambalo mtu hulikumbatia kana kwamba anamwinua mgonjwa. Alipiga jazi sebuleni kwake Buyenzi pamoja na wenzake wawili. Kama Saliha aliipenda jazi, hatujui. Hakuna aliyewahi kuingia jikoni kumuuliza.

Siku moja akaja Bonfils, kijana wa Kigobe aliyesoma mambo ya sauti kwenye intaneti mpaka yakamharibu. Alitaka kurekodi kwa namna ambayo mtu akivaa kaske atajiona amekaa katikati ya wapigaji, asikie hata stuli ikilia. Kwa kazi hiyo hutakiwa kichwa cha bandia chenye mikro za kunasa sauti masikioni. Saliha alikuwa na kichwa cha plastiki cha kuvalishia mitandio dukani. Kikatobolewa masikio, kikawekwa kwenye kiti mbele ya wanaume.

Hamissi akakitazama.

"Bonfils, huyu ni mwanamke."

"Ni plastiki, mzee."

"Plastiki ya nani? Si ya bibi yangu? Akae kichwa wazi mbele ya wanaume, mu nyumba yangu?"

Bonfils akacheka, akawasha mashine, akatoka mbio kumwomba jirani azime chombo chake cha kuchomelea. Alipopotea tu, Hamissi akakivisha kichwa mtandio, mikunjo miwili, pini chini ya kidevu. Heshima ikapatikana. Wakapiga kama hawajawahi kupiga, na yote yakanaswa kama muziki uliopigwa chini ya godoro.

"Tutarudia Jumapili," Bonfils alisema aliporudi na kusikiliza, karibu kulia.

Jumapili haikumkuta Hamissi. Alianguka gereji, spana mkononi.

Saliha akaingia eda. Hakulia, na jambo hilo liliwasumbua wanawake wa Buyenzi kuliko kifo chenyewe. Walipika, wakakaa mikekani, wakamtazama usoni kama watu wanaosubiri umeme urudi. Umekula? Ndiyo. Umelala? Ndiyo. Siku moja alishika sufuria ya moto, akautazama mkono wake kama mkono wa jirani.

"Lia, wifi," Fadhila, dada wa marehemu, alimwambia. "Huzuni isipotoka itakuharibu moyo."

"Itakuja," alisema Saliha, akakunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa.

Haikuja. Fadhila akaifuata mwenyewe mpaka Kigobe.

"Ile sauti ya kaka yangu iko wapi?"

"Dada, imezibwa. Si kitu cha kumupa mutu asikilize."

"Mi nilikuuliza kama ni nzuri?"

Bonfils akaleta. Kwa sababu ya eda hakuruhusiwa kuingia, akapitisha kaske na simu dirishani kama mwizi anayerudisha mali. Mle ndani walikuwa wanawake peke yao. Fadhila akamfunua wifi yake masikio, akamvika.

"Mama, munisamehe!" Bonfils alipiga kelele kutoka nje. "Bila ule mtandio ungemusikia hapo hapo mbele yako, hata pumzi yake!"

Wanawake wakaacha kutafuna. Mmoja alikuwa na leso tayari mkononi, maana mwenye bidii hakosekani. Saliha alisikiliza mpaka mwisho, macho ukutani, uso ule ule wa jana. Kisha akavua kaske, akaifuta kwa pembe ya kanga, akamrudishia Fadhila.

"Umemusikia?"

"Nimemusikia."

"Kama yuko hapa?"

"Apana. Kama mi niko jikoni."