Kidole Kwenye Wali

Manggat hakai. Ukimuuliza mtu yeyote wa mto wetu habari zake, jibu la kwanza ni hilo: huyo hakai. Alipokuwa kijana aliondoka kama vijana wote wa kabila letu la Kiiban, kwenda kuitafuta dunia, na hakuna aliyemlaumu, maana kwetu kijana asiyetembea hapati mke kirahisi. Akakata magogo msituni, akachomelea mabomba baharini, akaendesha lori Brunei. Wenzake walirudi, wakaoa, wakalima. Yeye alirudi, akaoa, akaondoka tena, hadi mkewe naye akachoka akaenda zake. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Ya Manggat sijui ni ya chuma gani, maana haiishi.

Mwishowe akaitafutia miguu hiyo kazi. Akaanza kupandisha wageni juu ya mto, ila si wageni wa kawaida. Wale wa kawaida hushuka kwenye basi wakifuata kibendera, wakachezewa ngoma, wakanunua kikapu, wakarudi hotelini kuoga. Wa Manggat ni wale wanaochukia mambo hayo yote. Hawazidi sita, kwa sababu mtumbwi wake wa injini haubebi zaidi, na ahadi yake kwao ni moja: hakuna ratiba. Tutalala tutakapofika, tutakula tutakachokuta. Wazungu hao wanapenda maneno haya hadi machozi yawatoke. Hawajui kwamba kabla hawajafika, Manggat ameshinda kwenye simu akipanga watakapofika na watakachokuta.

Nyumba moja tu hakuwahi kuwapeleka. Ya kwao.

Mama yake ni mjane, na anakaa peke yake mlango wa tisa wa nyumba yetu ndefu, ile ambayo familia zote tunaishi chini ya paa moja, mlango kwa mlango, tukichangia baraza. Hapo Manggat hupita, halali. Mama anapakua wali, yeye yuko mlangoni na viatu mkononi. Sasa, sisi hatukatai chakula hivihivi. Ukikaribishwa ukaondoka bila kuonja, utakutana na mamba, au nyoka, au mti utakuangukia. Lakini mwenye haraka ana ruhusa yake: aguse chakula kwa ncha ya kidole, ajipake kooni, aende salama. Hivyo ndivyo Manggat alivyokula kwa mama yake miaka na miaka. Kidole kwenye wali, kidole kooni, "Nikirudi tutaongea, mama," na injini hiyo inanguruma. Moyoni aliona ametimiza wajibu. Mamba hajamkamata, si ndiyo?

Alichotaka mama kuongea kilikuwa kidogo. Dada yake, Chelum, aliolewa mbali, kule mto unapokaribia bahari, na sasa macho yamemwishia. Kila mwenye mtumbwi anayepanda analeta salamu zilezile: mwambieni aje nimpapase uso kabla sijafa. Na mama haendi, kwa sababu ndani ya mlango wa tisa kuna mbegu ya mpunga ya ukoo, na mbegu hiyo hailazwi peke yake. Mpunga una roho. Ukiamka ukakuta nyumba tupu, nao unahama, na mwaka unaofuata mnalia njaa. Lazima alale pale mtu wa mlango ule, na watu wa mlango ule wamebaki wawili. Mmoja ndiye huyo asiyekaa.

Basi msimu huu Manggat akapanda na kundi lake, kiongozi wa makelele yao akiwa mama mmoja wa Kiholanzi, mwalimu mstaafu, jina lake Femke. Walipoifikia nyumba aliyoiandaa kwa simu, wakakuta tawi limefungwa kwenye ngazi. Kuna msiba, mgeni haingii. Mvua ilikuwa inaanza. Manggat alishuka, akapanda, akashuka tena, akatazama simu isiyo na mtandao.

"Sasa mkuu, tunalala wapi?" aliuliza Unggang, mwendesha mtumbwi. "Kwa mamba?"

"Twende mbele."

"Mbele kuna maporomoko. Kwenu ni kona ile pale. Unaogopa nini, kwenu?"

Wageni, wakisikia hakuna pa kulala, walipiga makofi kwa furaha. Hicho ndicho walichokilipia.

Mzee wa mlango wa nane, Baba Sulang, ndiye aliyewaona kwanza kutoka barazani. "Mama Manggat! Toka uone! Mtalii wako amekuja, na safari hii kaleta wenzake!"

Mama aliwasha moto. Alipika wali, majani ya muhogo, na kuku ndani ya mwanzi, akatandika mikeka. Watu wakala. Manggat hakutulia: mara akaangalie kamba ya mtumbwi, mara mvua, mara mizigo. Mama alimngoja apite karibu, akamshika suruali.

"Mwanangu, kaa hapa siku tatu tu. Nishuke kwa Chelum, nimwone, nirudi."

"Mama, nina wageni."

"Wageni unao kila siku. Dada ninaye mmoja."

"Nikirudi tutaongea."

Femke alikuwa anawatazama. "Mama amesema nini?"

"Anasema karibuni sana," Manggat alijibu.

Unggang alipaliwa na wali. "We mwongo we!" akapiga kelele, akajifuta mdomo, na kwa Kiingereza chake cha kuokoteza akamweleza Femke kila kitu, dada, macho, mbegu, hata suruali iliyoshikwa.

Femke hakucheka. "Manggat, si ulituambia hakuna ratiba?"

"Hakuna. Ila kesho..."

"Kesho kuna nini?"

Kesho kulikuwa na maporomoko, na mchana kulikuwa na kuku aliyekwisha kuagizwa kwa simu. Manggat akakwepa macho yake, akaitazama simu. Baba Sulang, ambaye hakujua Kiingereza lakini alizijua sura, alicheka mpaka akalalia ukuta.

"Basi tunashuka na mama yako," alisema Femke, na wenzake wakaitikia. "Unggang atatupeleka. Wewe kaa."

Mama alipotafsiriwa maneno hayo hakungoja kuulizwa mara mbili. Alinyanyuka, akatungua kikapu kilichokuwa kimening'inia kwenye nguzo, akakipangusa vumbi. Kilikuwa kimefungwa tayari. Manggat alikuwa amekiona pale kila alipopita, akidhani ni matambara.

Asubuhi aliamka kabla ya mama yake, akawasha moto, akapika. Wali uliungua chini na juu ulikuwa maji, lakini aliupakua kwenye sahani akauleta mlangoni kwa mikono miwili. Alikuwa na aibu, na pia, tuseme ukweli, alitaka kumchelewesha.

"Kula kwanza, mama. Njia ni ndefu."

Chini, injini ilikuwa imeshawashwa, na wageni wanamwita. Mama alinyoosha kidole, akaugusa wali, akajipaka kooni.

"Nikirudi tutaongea," alisema.

Hakusema kwa kumkomoa. Alikuwa na haraka tu, na uso wake ulikuwa wa msichana. Akashuka ngazi bila kushika popote, Femke akampokea kikapu, mtumbwi ukakata kona.

Manggat alisimama pale na sahani. Akaenda mwisho wa baraza, akarudi. Akaenda tena, akarudi. Miguu ilikuwa inamwasha.

"Unakaa?" aliuliza Baba Sulang.

"Nakaa."

"Anarudi lini?"

Manggat akageuka, akaanza kuhesabu kwa vidole. Siku tatu zilikuwa za jana, alipokuwa anaombwa. Leo mama hakusema siku, na yeye hakuuliza.  Akaingia mlango wa tisa, akaketi karibu na mbegu, akaweka sahani mapajani. Tundu la kidole cha mama yake lilikuwa bado juu ya wali. Akaanza kula kutoka pembeni, polepole, tonge kwa tonge, mpaka pakabaki lile tundu peke yake, na hapo mkono ukakataa.