Kikuba Nyuma ya Gunia

Mume wangu alikuwa hodari wa kudai. Alidai nyongeza ya mshahara, alidai maji safi, alidai mnyapara aache kuwatukana watu wazima. Miaka ile ya hamsini alikuwa mkata miwa katika shamba la tajiri mmoja, si mbali na Ramisi, na wenzake walimsikiliza kama wanavyomsikiliza khatibu. Mimi, bibi harusi wake kutoka Msambweni, nilimsikiliza pia, nikijiambia: mdomo wote huo, na chumbani bubu.

Maana tulipewa chumba cha kugawana. Upande mmoja sisi, upande wa pili mkata miwa mwenziwe, mtu wa Vanga, na katikati gunia la sukari lililopasuliwa likatundikwa kwenye kamba. Somo yangu, yaani kungwi, alikuwa amenifunda vizuri, Mungu amrehemu. Alinifunza kuwa mke hamwambii mumewe kwa mdomo kwamba anamtaka. Huweka kikuba kitandani, asmini na mrehani vilivyofungwa kwa uzi, na mume mwenye akili hufahamu. Nami niliweka. Lakini harufu haijui gunia. Ilipovuka tu, jirani alikohoa, na mume wangu akageukia ukutani.

Niliweka tena na tena. Asmini zilinyauka, na mimi nikanyauka nazo. Nilimpenda mtu yule, mwembamba, mikono imechanjwachanjwa na majani ya miwa, na niliona wazi kuwa hanitaki. Asubuhi moja nilifunga kanga zangu furushi nikamwambia ninarudi kwa mama.

"Nimekukosea nini, mke wangu?"

"Hukunikosea. Hunitaki tu."

Alikaa kitandani kama aliyepigwa rungu. "Mimi nisikutake? Huko shambani ninakuwaza wewe tu. Lakini yule bwana anasikia hata nikijikuna. Ninakustahi."

"Basi mdai tajiri chumba."

"Nitasemaje neno hilo mbele ya wanaume? Hayo ni mambo ya ndani."

Hapo nilipandwa na hasira, mafundisho ya somo yangu nikayaweka kando. "Ya ndani! Unadai mshahara kwa ajili ya tumbo, na tumbo si la ndani? Mchana mwili wako ni wa tajiri. Na jioni umemwachia pia? Ninakutaka, bwana wee. Mimi nimekwisha kusema kwa mdomo. Nawe kaseme."

Aliniomba ningoje mkutano wa wakata miwa. Nilikubali, ila kanga sikuzifungua.

Walikutana Jumapili alasiri, nyuma ya mizani ya miwa, na sisi wanawake wachache tukakaa pembeni. Akataja mshahara, akataja maji, kisha akasita akiangalia vidole vyake vya miguu. "Na jambo la mwisho," alisema kwa sauti ndogo, "kila mwenye mke apewe chumba chake." Mtu akacheka, kicheko kikaenea, na mmoja akauliza kama huu ni mkutano wa wafanyakazi au wa harusi. Nilimwonea huruma, nikatamani kwenda kumshika mkono.

Jirani yetu wa Vanga akasimama. Sikuwahi kusikia kwake zaidi ya salamu na kikohozi.

"Chekeni kwanza, nitangoja," alisema. Waliponyamaza akaendelea: "Mimi kifua changu kizima. Ninakohoa ili shemeji yangu huyu na mumewe wajue niko macho, wasije wakaaibika. Nami nina mke. Nimemwacha Vanga, kwa sababu nimlete wapi, nyuma ya gunia? Nyinyi mnaocheka, wake zenu wako wapi?"

Hakucheka mtu tena. Wengi wao wake zao walikuwa mbali vilevile.

Waligoma. Tajiri akaongeza mshahara kidogo, kwa kununa. Vyumba alikataa katakata, ila aliwaruhusu wajenge wenyewe ukingoni mwa shamba, nao wakajenga kwa udongo na makuti, wakisaidiana. Siku ya kuhamia nilikuta kikuba kitandani, kimefungwa kwa kamba ya katani, fundo kubwa kama la mzigo wa miwa. Mwanamume haweki kikuba. Somo yangu angezimia. Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikazifungua kanga zangu.

Mke wa jirani yetu naye alifika kutoka Vanga. Jioni ile harufu ya asmini ilitoka nyumbani kwao ikaingia kwetu. Mume wangu akataka kukohoa, nikamziba mdomo.