Chagua Kompyuta Itakayozaa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilitoka kwenye chumba nilichopanga mjini Shinyanga nikiwa na begi begani, bisibisi mfukoni, na bila kujua ninakokwenda. Ndivyo nilivyokuwa ujanani. Shule niliiacha kabla haijanizoea, na tangu hapo nililala kila palipolalika: kwenye ghala la pamba, kwenye kambi za wachimba dhahabu kule Geita, na kwenye baraza za maduka nilikokuwa nikifungua redio za watu ili nione sauti inatokea wapi. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Mimi yangu nilikuwa nimeila hadi magotini, na bado nilikuwa na njaa ya kujua.

Nilikata shauri niende stendi nipande gari lolote litakalotangulia kuondoka. Lakini basi nililolikuta lilikuwa linaingia, vumbi hadi kwenye vioo, na katika walioshuka alikuwemo mzee mwenye shuka begani na fimbo ya kuchungia mkononi. Nyuma yake alifuata mwanamke wa makamo aliyeshika pochi yake kwa mikono miwili.

"Mwangaluka, babu," nikamsalimu.

"Mwangaluka, ng'wana wane, mwanangu. Wewe ni mwenyeji hapa? Tunatafuta mahali wanapouza kompyuta."

"Kompyuta ya nini, babu?"

"Ya kukamua," akajibu bila kutabasamu. Mwanamke ndiye aliyecheka kwa niaba yake.

Kuuliza si ujinga, nami nilikuwa bingwa wa kuuliza. Kabla hatujafika sokoni nilikwishajua habari yao yote. Mzee aliitwa Masanja, mfugaji. Mwanamke alikuwa binti yake, Mama Kulwa, mwenye duka dogo la kupiga chapa kule Ushirombo. Taipureta yake ilikuwa imechoka, na kazi za shule na za ofisi zilikuwa zinaanza kupelekwa mbali kwa wenye kompyuta. Alikuwa ameiomba familia ng'ombe kutoka zizini wauzwe anunue ya kwake. Kaka zake walikataa. Ng'ombe, walisema, hauzwi ili kununua sanduku. Mzee ndiye aliyeamua wauzwe, ila akaweka sharti mbele ya wote: sanduku hilo likija kuwa chuma kisicho na kazi, duka linafungwa na Mama Kulwa anarudi kwenye jembe. Kwa hiyo mzee alikuja mwenyewe. Ng'ombe wake, hata wakiwa fedha ndani ya pochi, hawakuwa watu wa kusafiri peke yao.

Niliwapeleka kwa Bwana Jivan, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi ambaye alikuwa akiniruhusu kutengenezea redio barazani kwake. Babu yake aliingia Usukumani enzi za kununua pamba, na yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa. Kijana wake alikuwa Dar es Salaam, akimtumia mizigo ya kompyuta.

"Mhola, Mzee?" Bwana Jivan akamkaribisha.

"Mhola duhu, salama tu."

Akatuonyesha mashine iliyokuwa imewekwa mbele ya duka, nyembamba, nyeupe, imetulia kama bibi harusi. Alipoiwasha ikaamka upesi, ikaandika, ikapiga muziki, ikaonyesha picha ya maua. Mwanangu, moyo wangu ulipaa. Nikamwambia Mama Kulwa, "Mama, usitafute tena. Hii ina mbio kuliko zote."

Mzee Masanja aliizunguka ile mashine polepole, mikono mgongoni, kama mtu anayemzunguka ng'ombe mnadani. Kisha akasema, "Ifungueni. Nataka kuona tumbo."

Bwana Jivan akafungua kifuniko. Ndani kila kitu kilikuwa kimechomelewa kwenye ubao mmoja mdogo: prosesa, yaani ubongo wake, kumbukumbu, sauti, picha. Hakukuwa na mahali pa kuchomeka hata kidole.

"Akitaka kukua," mzee akauliza, "atakua kuelekea wapi?"

"Hii haihitaji kukua, Mzee. Imekamilika."

"Imekamilika," mzee akarudia, kama mtu anayeonja maziwa yaliyoanza kuchacha. Akanigeukia mimi. "Wewe kijana, unamjua maksai?"

"Namjua, babu. Dume aliyehasiwa."

"Anavuta plau vizuri?"

"Vizuri sana."

"Kuliko mtamba?"

"Mtamba hafungwi plau, babu. Anaachwa azae."

"Eeh! Kumbe unajua. Mimi nimetoa ng'ombe waliokuwa wanazaa, wewe unaniambia nirudi nyumbani na maksai kwa sababu ana mbio. Umewahi kumwona mtu anakwenda mnadani kununua mbio?"

Bwana Jivan alicheka hadi akashika meza. Mimi sikucheka, masikio yalikuwa yanawaka. Sisi tuliopita machimboni hatuhitaji kuambiwa kwamba si kila king'aacho ni dhahabu, lakini kujua methali na kuikumbuka kwa wakati wake ni vitu viwili.

"Mzee," Bwana Jivan akasema, akipangusa macho, "kumbe wewe ni wa nyuma ya duka. Huku mbele ni kwa wenye haraka. Karibuni stoo."

Kule stoo kulikuwa na maboksi ya vipuri, na hapo ndipo udadisi wangu ulipopata kazi ya kweli. Wakati ule bado tuliyaita mambo haya kwa majina tuliyojipa wenyewe. Ubao mkubwa unaobeba vyote tuliuita mazabodi. Nilizitoa mazabodi zote kwenye maboksi nikazilaza mezani, na kwa kila moja mzee aliuliza swali lile lile: "Hii itazaa?"

Nilianza kutazama kwa macho yake. Mazabodi moja ilikuwa ya bei nafuu lakini prosesa yake ilikuwa imechomelewa. Maksai. Nyingine ilikubali prosesa za kiwanda kimoja tu. Tasa nusu. Ya tatu ilikuwa na kitako cha prosesa chenye mkono mdogo wa kuinua na kulaza, ukaweza kutoa ubongo mmoja na kuweka mwingine bila kutumia nguvu, na ilipokea prosesa za viwanda vitatu tofauti. Ilikuwa na matundu ya kumbukumbu ya mtindo wa zamani na ya mtindo mpya uliokuwa unaingia, na safu ya nafasi tupu za kadi. Niliipiga picha kichwani na ninaiona mpaka leo.

"Huyu," nikamwambia mzee, "tumbo lake ni kubwa kuliko yeye mwenyewe."

"Basi mlete."

Kasha tukachagua refu, lisilo na uzuri wowote, lakini lenye nafasi za kuongeza diski hadi utakapochoka. Kwa upande wa pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme, zilikuwepo mbili zilizoandikwa nguvu ileile. Mzee akazinyanyua, moja mkono huu, nyingine mkono ule, kama wanunuzi wa dhahabu wanavyopima kwa kiganja kabla hawajagusa mizani. Akarudisha nyepesi. Bwana Jivan alitikisa kichwa kwa heshima: nzito ndiyo iliyokuwa na shaba ya kutosha ndani, na kule Ushirombo ingekula umeme wa jenereta unaopanda na kushuka.

Baada ya hapo tulibana mkono. Prosesa tukachukua ya kawaida, diski ya wastani. Kumbukumbu tukachukua kipande kimoja badala ya viwili vidogo vyenye jumla ileile, ili tundu la pili libaki wazi. Mama Kulwa alisita. "Mwanangu, si tumeipunguzia nguvu? Ile ya mbele ya duka ilikuwa na mbio."

"Mama, akiba haiozi," nikamjibu. "Kilichobaki wazi humu ndani ndicho ulichokinunua."

Mzee akanitazama kwa jicho la pembeni. Lilikuwa sifa tosha.

Niliiunganisha palepale stoo, na ilipowaka hakuna aliyeuliza kama ninakwenda nao. Begi langu lilikuwa tayari begani. Tulisafiri kupitia Kahama na Masumbwe, monita na printa kwenye magodoro ya abiria mwingine, kasha mapajani kwangu, na Mzee Masanja akimkemea dereva kwenye kila shimo: "Taratibu! Tuna mtamba humu!" Abiria walikuwa wakichungulia chini ya viti wakitafuta ng'ombe.

Ushirombo nilipewa chumba nyuma ya duka nikakaa muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa popote. Kazi zilirudi. Mitihani ya shule, barua za vyama vya wakulima, kadi za harusi. Mama Kulwa aliizoea kibodi kama alivyozoea sufuria zake.

Lakini mambo ya kompyuta hayalali. Baada ya muda wateja walianza kuleta disketi zilizoandikwa kwa programu mpya, na mashine yetu ilipojaribu kuibeba ile programu ilikwama kama punda mlimani. Walimu wakaanza tena kuchukua kazi zao kwenda nazo mbali. Habari ziliwafikia kaka zake Mama Kulwa haraka kuliko mvua. Siku ya gulio wakaja, wakasimama mlangoni.

"Dada, tumesikia ng'ombe wetu amekufa."

"Hajafa," Mama Kulwa akasema. "Ana njaa."

"Hilo sanduku limezeeka. Utauza ng'ombe wengine ununue jingine?"

Mzee Masanja alikuwa ameketi kwenye kigoda nje. Hakuwajibu wao. Aliniambia mimi tu, "Uliniambia ana tumbo. Kesho tukalione."

Tulirudi kwa Bwana Jivan, na kwa sehemu ndogo tu ya bei ya mashine nzima tukapata prosesa mpya ya kiwanda kingine, kipande kikubwa cha kumbukumbu, na diski pana. Tulipofika nyumbani kaka wote walikuwepo, na majirani pia, maana hakuna siri Ushirombo. Nikainua ule mkono mdogo, nikatoa ubongo wa zamani, nikaweka mpya. Ikabaki sehemu ya hatari. Kwenye mazabodi zile kulikuwa na vikofia vidogo vya plastiki unavyohamisha juu ya sindano ili kuiambia mazabodi umeme wa prosesa uwe kiasi gani. Ukikosea, unaikaanga.

Mchoro wa vikofia ulikuwa umechapwa kwenye ubao wenyewe. Nikausoma.

"Soma tena," mzee akasema.

Nikausoma tena, nikakuta kikofia kimoja nilikuwa nimekiweka sindano moja pembeni. Nikakihamisha. Nikamwashiria Mama Kulwa. Jenereta ikaunguruma, akabonyeza, kioo kikabaki cheusi kwa muda ambao kaka mmoja alipata kusema "Nilijua." Hakumaliza. Mashine ililia mlio wake mfupi, ikahesabu kumbukumbu yake mpya, na ile programu iliyotushinda ikafunguka kama mlango uliotiwa mafuta.

Mama Kulwa alipiga kigelegele kilichowatoa watu sokoni. Wanawake wa gulio wakaitika bila hata kujua wanaitikia nini. Kaka aliyesema "nilijua" akaomba aandikiwe jina lake, na likachapwa kwa herufi kubwa, akalikunja akaliweka mfukoni.

Na bado hatujafika penyewe, mwanangu. Mezani vilibaki vya zamani: prosesa, kumbukumbu, diski, vyote vizima. Bwana Jivan alikuwa na kasha, mazabodi na monita ndogo kuukuu; nikarudi Shinyanga nikavipata kwa kumtengenezea redio zilizorundikana stoo kwake. Nilipoviunganisha, ikawaka kompyuta ya pili, ndogo, ya taratibu, lakini hai. Mzee Masanja aliitazama ikipepesa, akachomeka fimbo yake ardhini.

"Imezaa," akasema. Kisha akawageukia wanawe waliokuja kushuhudia. "Nanyi mnajua desturi. Mchungaji akikaa na ng'ombe wa watu wakaongezeka, haondoki mikono mitupu. Ndama ni wa kijana."

Mama Kulwa alikubali kabla sijapinga. Nafikiri walikwishaona miguu yangu imeanza kuwasha.

Siku nilipoondoka sikuwa na mpango, kama kawaida, ila safari hii sikuwa mikono mitupu. Lori lilinishusha Buseresere jioni mapema. Nilikuwa simjui mtu. Nikaingia nyumba ya wageni nikiwa nimekumbatia mzigo uliofungwa kwa blanketi. Mama mwenye nyumba akanitazama kwa shaka.

"Kaka, umebeba nini?"

"Ndama, mama."

"Wanyama hawalali ndani kwangu."

"Huyu hali majani. Anakula umeme."

"Basi atashinda na njaa, jenereta yangu ina wivu." Lakini alikuwa anacheka, na akafunua pembe ya blanketi. "Kumbe! Unajua kuandika matangazo? Kuna baba hapa anafungua mashine ya kukoboa." Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kabla sijanawa uso nilikuwa na chumba, kazi, na sahani ya ugali kwa samaki wa ziwani.

Basi sikia, mwanangu, wewe unayetaka kujiundia kompyuta nyumbani. Waliosema mchagua jembe si mkulima hawakuwahi kununua mazabodi; wewe chagua, na uchague kwa kudadisi. Majina yote niliyokutajia yamekwisha kupitwa, na ya leo yatapitwa pia, lakini swali la mzee halijapitwa. Weka fedha yako kwanza kwenye vile vinavyobeba vingine, yaani ubao, kasha na pawasaplai, kwa kuwa ubongo utabadilishwa lakini mifupa itabaki. Uliza kitako kinapokea nini kesho, si leo tu. Acha matundu wazi wala usiyaonee haya. Fungua kifuniko kabla hujafungua pochi. Ukifika kwenye sehemu inayoweza kuunguza, soma, kisha soma tena. Na ukitoa cha zamani, usikitupe. Huenda ni ndama wa mtu fulani asiye na kitu zaidi ya begi na bisibisi.

Mungu akujalie macho ya kuona tumbo pale wenzako wanapotazama ngozi. Kila utakachokishika kizae, na uzao wake ukufungulie mlango mahali ambapo hakuna anayekujua.