Jogoo wangu mweupe alivyobadilisha mayai ya mama mkwe

Wakuu, hamjambo humu ndani? Hii ilinipata mimi mwenyewe miaka ya tisini, na sijaongeza chumvi. Anayebisha aje Nchiru, huku Meru, aulize.

Mimi ni Wawira, mtu wa Embu. Nilipoolewa Meru, baba alinipa jogoo mweupe, mkubwa, kifua mbele kama chifu. Alimtoa kwa kuku wake wa grade, wale wa kizungu. Nilimbeba kwa kikapu nikijua napeleka zawadi ya maana.

Mama mkwe, Mama Kinoti, alikuwa na kuku wa kienyeji wa kutaga mayai ya brown kabisa. Alikuwa anamuuzia Mama Zainabu wa Majengo, mchuuzi wa sokoni, naye anawauzia watu wenye wamama waliojifungua. Hao hawataki mchezo. Wanataka yai la kienyeji, basi.

Jogoo wangu akaingia kazini. Vifaranga wakawa wengi, wanene, mama mkwe akanisifu hadi kanisani. Mimi huyo, kichwa juu!

Halafu mabinti wa jogoo wakaanza kutaga.

Mayai yalikuwa meupe meupe, rangi ya cream. Mama Zainabu aligeuza moja mkononi, akalirudisha kwa kikapu, akasema polepole, "Mama Kinoti, umeanza kunichanganyia ya grade?"

Hapo sokoni, mbele ya watu. Mama mkwe alirudi nyumbani akakataa chakula. Kuuza angeuzia mtu mwingine, lakini kuitwa mwongo kulimuuma sana. Na mimi nikaanza kuogopa, kwa sababu shangazi ya bwanangu alishasema bibi wa Embu amekuja na mkosi.

Tukalaumu chakula. (Chekeni tu.) Tukawapa sukuma wiki, tukawapa mahindi ya njano. Kiini kikawa njano ajabu, ganda likabaki vile vile.

Siku moja nikiokota mayai nikashtuka. Kuku wazee wanakula hicho hicho, na bado wanataga brown. Waliobadilika ni mabinti wa jogoo wangu peke yao. Nikakumbuka kuku wa baba kule Embu walitaga meupe kama chaki.

Kumbe jogoo hatagi, lakini rangi ya mayai ya mamake iko kwa damu yake, na anaipitisha kwa mabinti!

Kusema ilikuwa kazi. Nilizunguka jikoni weee, mwishowe nikatoa: "Mama, ni jogoo wangu."

Akauliza kama rangi inaweza kurudi. Nikamwambia sijui, lakini tujaribu.

Mweupe akaishia kwa sufuria. Nilimla bila huruma.

Nikaanza kuzunguka kwa majirani kutafuta jogoo mwingine, na popote nilipofika niliomba kwanza kuona mayai ya mamake. Watu walinicheka vibaya. Mjane mmoja akanionyesha yai la brown iliyokolea, nikampa tetea mmoja, nikarudi na jogoo wake mwekundu.

Haikuwa miujiza. Vifaranga wake walipokomaa, wengine walitaga cream bado, lakini wengi wakataga brown. Yale ya brown tukawa tunaatamisha, mengine tunakula. Kila kizazi kikawa afadhali.

Mama Zainabu akasikia, akaja mwenyewe hadi kwa boma. Akakaa kando ya kiota akingoja. Kuku alipoinuka, akaokota yai likiwa moto, la brown, akalishika muda mrefu. Akaomba msamaha, kisha akamuuliza mama mkwe amefanyaje.

Mama mkwe hakuacha kuchambua maharagwe. "Muulize Wawira. Hao kuku ni wake."

Wakuu, niliingia jikoni kwa moshi nikalia vizuri.

Nilichojifunza: usichukue jogoo kwa ukubwa wake. Uliza mamake anataga nini, na ukikosea, sema mapema.

Wafugaji, wenu wanataga rangi gani, na jogoo mlimtoa wapi? Na wamama mlioolewa mbali, mlibeba nini siku hiyo? Mwageni hapa chini, nasoma zote.