Jezi ya Kijani Aliyoiacha Baba

Tangu nikiwa mtoto huko Buzebazeba, nimeshabikia timu ya chuo yenye jezi za kijani kwa sababu moja tu: marehemu baba alituachia jezi yake. Juzi niliivaa uwanjani, nikawaita wapinzani wetu wa jezi nyekundu wezi, wachawi, watu wasiofunzwa na mama zao. Mzee mmoja, shabiki mwenzangu, akanishika mkono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huu mshono wa kwapani alishona mama yangu. Jezi hii umeitoa wapi?"

"Ya baba. Alichezea timu yetu."

"Ni yangu, mwanangu. Tulibadilishana baada ya fainali. Yake nyekundu ninayo mpaka leo, nyumbani Rusimbi."

Kumbe muda wote nilikuwa namtukana baba yangu mzazi.