Ndege Iliyopakwa Deheni

Mume wangu alibadilisha shamba letu la mikorosho la Kilangala kwa ndege mbovu, na mimi niliambiwa mambo yakiwa yamekwisha.

Nieleze vizuri, maana watu wakisikia hivyo huanza kucheka kabla sijafika popote. Kabla ya vita vya pili, Lindi zilikuwa zikitua ndege za maji, zile kubwa zenye tumbo kama la mashua. Zilishuka ghubani, zikateleza juu ya maji, zikasimama, na vijana wakapiga makasia kwenda kuwachukua abiria. Mume wangu alikuwa mmoja wa vijana hao. Siku moja aliruhusiwa kuingia ndani kutoa sanduku la mtu, na alichokiona humo hakikumtoka tena moyoni. Aliponioa, usiku na mchana nilisimuliwa viti vya ndege, mpaka nikavijua kuliko vya nyumbani kwetu, ambavyo vilikuwa viwili tu na kimoja kibovu.

Kisha ndege zile ziliacha kuja. Akarudi kwao Kilangala, upande wa bara, akapanda mikorosho, na mikorosho hiyo ndiyo iliyotulisha sisi na watoto wetu. Hatukuwa na kitu kingine. Nalisema hili mapema ili msinione mke mkorofi kwa yatakayofuata.

Mzungu mmoja wa shamba la mkonge alikuwa na ndege yake ndogo, ya kutua majini na nchi kavu pia. Alikuja akagonga fungu la mchanga upande wa Kitunda, ng'ambo ya mji wa Lindi, bawa moja likavunjika. Injini ikang'olewa, bawa la pili likakatwa, kiwiliwili kikabaki ufukweni miaka. Mzungu aliporudi kwao, mali yake ilinunuliwa na mwenye duka mmoja, na mzoga ule ukiwemo. Mwenye duka alitaka mikorosho. Mume wangu alitaka ndege. Wakaelewana upesi.

“Baba watoto, tutakula nini?” nilimuuliza.

“Tutavusha watu, mke wangu. Kutoka Kitunda kwenda mjini. Nani atakubali kulowa matako kwenye mtumbwi wakati ndege ipo?”

“Ndege yenyewe haina mabawa!”

“Kwani mashua ina mabawa?”

Nililia. Tukahamia Kitunda kwa mama mkwe, na kwa siku nyingi nilikataa hata kwenda kuitazama.

Siku niliyokwenda, nilikwenda nimekasirika, nimempelekea chakula. Nilimkuta amekaa ndani, mikono kwenye usukani, anatazama mbele kupitia kioo chenye ufa. Akanisogezea kiti cha pili. Kilikuwa cha ngozi nyekundu, imepasuka lakini laini, na humo ndani mlinukia mafuta na kitu kingine kizuri nisichokijua jina. Nikafunga kile kimlango. Kelele zote za pwani zikapungua, nikajiona ni mke wa mtu mwenye kitu ambacho hakuna mwanamke mwingine Lindi nzima alikuwa nacho. Hasira ilinitoka. Kipenda roho hula nyama mbichi, na siku hiyo tuliila wote wawili.

Tangu hapo nilikuwa mbele kuliko yeye. Kiwiliwili kilikuwa kizima. Tulikijaza maji kwa ndoo na hayakutoka hata tone. Ilibaki kukitayarisha kama chombo kinavyotayarishwa, na kila mtu wa pwani anajua kwamba chombo hakishuki majini bila kupakwa deheni chini, chokaa iliyopondwa pamoja na mafuta ya mnyama, kisije kikaliwa na wadudu. Mume wangu, mtu wa bara kwa upande wa baba na aliyelelewa huko, aliogopa sana kuonekana hajui mambo ya pwani. Akamwita fundi wa mashua. Fundi akasifu chombo, akatwanga chokaa, na sote tukapaka, mimi, watoto na majirani, tukiimba. Tulipaka nene. Hakuna aliyeuliza ni mdudu gani alaye bati.

Tukangoja bamvu, maji makubwa yatakayotosha kukiinua. Chombo kilikaa kwenye mchanga mbichi na deheni yake, na maji ya chumvi yakikilamba kila siku.

Siku ya kushusha, palisomwa Fatiha, watu wakasukuma. Ilielea! Mume wangu akainua mikono, nikapiga vigelegele. Kisha nikamwona anatazama miguu yake. Maji hayakuingia penye tundu moja ambalo mtu angeliziba kwa kidole. Tumbo zima lilikuwa likivuja kama kifumbu cha kuchujia tui. Tuliivuta ikarudi, na fundi alipokwangua deheni, chini yake bati lilitoka pamoja nayo, limekuwa unga wa kijivu.

Mama mkwe, aliyekuwa akila tambuu kwa chokaa tangu ujana wake, alichukua unga ule akausugua kwa vidole.

“Mbona hii ni kama sufuria?” alisema. “Chokaa haiwekwi kwenye sufuria, wanangu. Inaila.”

Kila mla tambuu alikuwa akijua hilo. Na yeye mwenyewe alikuwa amepaka pamoja nasi. Lakini hakuna aliyeitazama akaona sufuria. Sote tulikuwa tunaona ndege.

Hapakuwa na la kufanya. Mabati yaliyobaki yalichukuliwa vipande vipande, na viti vikaoza kwa mvua. Msimu wa korosho ulipofika tulirudi Kilangala, tukaomba kibarua kwa mwenye duka, tukawa tunaokota chini ya mikorosho aliyoipanda mume wangu kwa mkono wake. Tangu chombo kilipovuja, mimi nilikuwa nikimwomba Mungu kila swala amwondolee mume wangu mapenzi ya ndege.

Asubuhi moja ikapita ndege, chini chini, ikielekea Lindi. Vibarua wote wakasimama, watoto wakapiga kelele, hata mimi nikakinga macho nikaifuata mpaka ikapotea. Mume wangu aliendelea kuokota. Nilimwita, nikamwonyesha kwa kidole. Akasema, “Okota, mama watoto, jua linapanda,” akasogea kwenye mti mwingine. Dua yangu ilikuwa imejibiwa, na yule niliyeolewa naye sikumwona tena.