Kujificha Bila Kugeuka Moshi

Kosa langu lilikuwa kujisifu nikiwa nimeshiba. Mwenye njaa hupima maneno yake, lakini mimi nilikuwa nimetoka kumaliza ugali wa uwele kwa mlenda, nimeegemea ukuta, vidole bado vinateleza, ndipo nikamwambia dada yangu kwamba lile gemu lake la kujificha naweza kulimaliza mwanzo mpaka mwisho bila kutumia nguvu hata moja.

Dada hakucheka. Ningemjua vizuri, na nimeishi kwake Nzuguni miaka ya kutosha kumjua, ningeogopa hapo hapo. Alinawa mikono taratibu, akaikung'uta, akasema, "Sawa. Ukishindwa, unakwenda Haneti kuamia ndege."

Nieleze hapo, maana asiyelima uwele anaweza kudhani Haneti ni mapumziko. Shangazi yetu ana shamba huko. Uwele ukianza kutia maziwa, kwelea hushuka kama blanketi lililorushwa kutoka mbinguni, na shamba lisilo na mtu linabaki mabua. Kwa hiyo lazima mtu apande dungu, ile roshani ya miti katikati ya shamba, akae hapo tangu jua halijatoka mpaka limezama, akipiga kelele, akigonga debe, akirusha udongo kwa kombeo. Watoto wa shangazi wametawanyika mijini. Mwaka uliopita alikuwa peke yake, miguu inamuuma, ndege wakamzidi, akaishia kula unga wa kununua mwaka mzima. Safari hii alipiga simu. Hakuomba. Alisema tu uwele umekuja vizuri, kisha akauliza hali yangu, tena akaiuliza kwa kirefu.

Dada ana kazi ya ofisi na likizo alishaimaliza. Aliyebaki ni mimi, fundi wa redio, pasi na simu, ambaye ofisi yake ni baraza na safari yake ndefu ni dukani kununua risasi ya kuchomelea. Mimi si mvivu, nataka hilo lieleweke. Mimi ni mtu wa ndani. Kuna paka wa kuzurura na paka wa jikoni, na hakuna anayemlaumu paka wa jikoni.

Basi tukawekeana masharti. Nikimaliza gemu bila nguvu kabla uwele haujatia maziwa, dada atamtafutia shangazi mtu wa huko huko Haneti, na mimi nitabaki na pasi zangu. Nikitumia nguvu hata mara moja, nafungasha. Udanganyifu usingewezekana, kwa sababu gemu lenyewe lina umbeya: mwisho wake unaletewa ukurasa unaosema umeonekana na nani, umemuumiza nani, nguvu umetumia mara ngapi. Lilikuja ndani ya laptopu ya mtumba ambayo dada aliinunua kwa ajili ya masomo yake ya jioni. Masomo bado anayasoma. Gemu alilimaliza wiki ya kwanza, na nguvu alizitumia zote, tena bila aibu.

Hadithi ya gemu ni hii. Wewe ni mtumishi uliyefukuzwa kwenye ngome ya mfalme mmoja katili, na unarudi kwa siri kuchukua funguo zinazoning'inia shingoni mwake ili ufungue lango watu watoke. Njiani unapita kwenye kisima kinachoongea, nacho kinakupa nguvu. Unageuka moshi na kupita katikati ya walinzi. Unaona yaliyo nyuma ya ukuta. Unampulizia mlinzi usingizi. Mahali pa kuzikataa hapapo. Unapewa utake usitake, zinakaa pale kwenye vitufe zikikungoja, na kazi yako wewe usiyezitaka ni kutobonyeza.

Niliingia kwa kishindo. Mlinzi wa kwanza tu, mzee mwenye kitambi aliyekaa kwenye kigoda, aliniona nikiwa sijamaliza hata kuvuka ua. Nikarudia, akaniona. Nikarudia tena, safari hii nikitambaa, akaniona akiwa anakula. Dada alikuwa nyuma yangu anapasi nguo za kazini. "Huyo uliyeshindwa naye ndiye wa kumfundishia mtu kutembea," akasema. "Wenzake wako ndani."

Ila polepole nikagundua kitu cha kunipa moyo. Gemu lile, ukilicheza bila nguvu, si la kukimbia wala kuruka. Ni la kukaa. Unaingia kabatini, unatulia, unachungulia kwenye ufa, unangoja mlinzi apite, na akipita unangoja arudi ili ujue anarudi vipi. Kazi ya kukaa ndani bila kusema kitu naiweza tangu kuzaliwa. Nikaanza kuwajua walinzi kama majirani. Yupo aliyeimba kila akikaribia ngazi, kwa hiyo ukisikia kimya ujue bado yuko mbali. Yupo aliyesimama dirishani akawa kama anawaza kwao. Huyo nilimhurumia, nikawa napita nyuma yake kwa adabu.

"Hata kwenye gemu unakaa ndani," dada akasema siku moja, akipita na beseni.

"Kila mtu na kipaji chake," nikamjibu.

"Kipaji hicho ndege hawakiogopi."

Matatizo yalianza pale gemu lilipotoka kwenye laptopu na kuniingia mwilini. Nikawa natembea ukutani. Mlango naufungua kwa ncha za vidole. Na kwa kuwa mtu hujaribu silaha yake kwa adui aliye karibu, nikaamua kumjaribu bibi jirani.

Bibi huyu nyumba yake imetazamana na yetu, katikati kuna njia na ua wa minyaa. Ni Mgogo wa hapa hapa, mjane, na kutwa anakaa kwenye mkeka mlangoni akipepeta kitu, hata kama hakuna cha kupepeta. Hakuna mlinzi wa mfalme yeyote aliye na macho yale. Ukipita kwenda dukani lazima usimame umwamkie, naye akishaitikia marahaba anaanza kuuliza: dada yako, kazi, shangazi yako wa Haneti, mvua ya huko, halafu lile swali la mwisho, kwamba nitaoa lini au nangoja mke aletwe kutengenezwa pamoja na redio. Nampenda sana, lakini kuna siku mtu anataka betri tu.

Siku hiyo nikatambaa kwa magoti, nikaufuata ua wa minyaa kwa nyuma, hatua moja, natulia, hatua nyingine, natulia. Nilijiona hodari. Utomvu wa mnyaa ukiingia machoni unalia siku nzima, nami niliukwepa kama ninavyokwepa mwanga wa taa za ngome. Nikafika katikati. Ungo ukanyamaza. Nikaganda.

"Mbukwa," bibi akausalimu ule ua kwa Kigogo, kwa sauti ya mtu anayempokea mgeni, kisha akangoja.

Salamu ya mkubwa haiachwi ikaanguka chini. Ikabidi mnyaa uitikie, tena utoe na shikamoo.

"Marahaba," akasema. "Umepoteza nini humo, mjukuu wangu?"

Nikasema natafuta kuku. Akaniambia hatuna kuku, na kweli hatuna. Dukani walishajua kabla sijafika, na jioni dada akaniuliza kuku wetu anaendeleaje.

Lakini ndani ya ngome mambo yalikuwa yananinyookea. Vyumba vya chini nilivipita. Jiko nikalipita nikiwa nimelala chini ya meza, wapishi wakikanyaga huku na huko. Kila hatua ikiisha, ule ukurasa mmbeya unakuja, na kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne naelewa vizuri kabisa: nguvu, sifuri. Nikawa namwita dada aje kutazama. Alianza kuja bila kejeli, na hiyo ilikuwa dalili ya wasiwasi. Shangazi alipiga tena, akasema uwele umechanua. Nilimpongeza kwa moyo mmoja, kisha nikarudi kabatini kwangu haraka, maana kuchanua na kutia maziwa havipishani sana.

Ikabaki hatua ya mwisho. Jumamosi, saa za mchana, dada amekwenda Majengo sokoni. Nilikuwa nimefika chumbani kwa mfalme. Amelala kitini, funguo zinapanda na kushuka kifuani pake. Kati yangu na yeye yupo mlinzi mmoja tu, mrefu, ambaye haimbi, hali, wala hawazi kwao. Nimejibanza nyuma ya pazia. Anakuja kuelekea kwangu, na nimeshajifunza kwamba akifika kwenye zulia atageuka. Nikabana pumzi, mimi mwenyewe, sebuleni.

"Hodi hapa."

Sikujibu. Naandika hivi huku nimeinamisha kichwa, kwa sababu katika nyumba tuliyolelewa, hodi isiyojibiwa ilikuwa ni fimbo. Ila nilijiambia mgeni akipiga hodi tatu bila kujibiwa huondoka, ndiyo desturi, na zimebaki mbili tu.

"Hodi."

Mlinzi anakuja.

"Hodi jamani, nakusikia unapumua."

Bibi akaingia. Mikono yake miwili imeshika bakuli la zabibu, nyeusi, bado zina vumbi la shambani kwa mwanawe. Nikamwamkia bila kugeuza shingo. Akaitikia, akanyoosha bakuli. Nikanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa bado kwenye laptopu. Bakuli halikuachiwa.

Nikavuta kidogo. Halikuachiwa.

"Siku hizi mnapokea kwa mkono mmoja?" bibi akauliza, akiutazama ule wa kushoto kama mtu aliyeona mkono wenye kidonda.

Hakuna kisima kinachoongea, hakuna mfalme, hakuna Haneti yenye nguvu ya kushinda swali hilo. Nikasimama nusu, nikapeleka mikono yote miwili, na kiuno nikakiinamisha ninavyotakiwa. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba gemu sijalisimamisha. Mikono haipo, iko kwa bibi. Nikaona niwahi kitufe cha kusimamisha kwa kiwiko.

Kiwiko cha mtu hakina macho. Kilitua kwenye moshi.

Mtumishi wangu, aliyevuka ngome nzima kwa magoti na subira, akageuka moshi mbele ya mlinzi. Moshi mzuri, wa zambarau, sijawahi kuuona maana sijawahi kuuita. Ukapita katikati ya miguu ya yule mrefu, ukatokea upande wa pili, ukaganda hapo. Mlinzi akatazama huku na huku, akarudi kwenye zulia lake. Kilichobaki kilikuwa rahisi hata kwa mtu aliyeshika zabibu: nikakaa, nikatembea mpaka kitini, nikavua funguo, lango likafunguka, watu wa mji wakatoka wakiimba. Bibi akasimama nyuma yangu akatazama yote. Akasema wamevaa vizuri.

Kisha ukaja ukurasa. Nguvu: moja.

Ningeweza kufunga laptopu. Niliwaza hivyo, sitaki kujifanya mtakatifu. Lakini dada alikuwa ameshafika mlangoni na kapu lake, na macho yalishatangulia kwenye skrini. Nikaanza kujitetea kabla hajatua mzigo. Nikasema sikutumia nguvu, nilitumia adabu. Nikasema kiwiko si kidole. Nikasema ningepokea kwa mkono mmoja sasa hivi tungekuwa tunasherehekea, je, ndivyo alivyonilea? Dada akasema ukurasa hauulizi nia. Nikasema basi tuugawe ushindi. Akasema nusu ya Haneti ni njiani, nitashukia Buigiri nikae hapo barabarani?

Tukabishana mpaka bibi akauliza tunagombania nini. Tukamweleza, kila mmoja upande wake, tukipokezana na kukatizana: kujificha, nguvu, moshi, shangazi, ndege, masharti. Alisikiliza akiwa amekaa kwenye kiti changu cha ufundi, akala zabibu zake mwenyewe. Dada akasema basi bibi awe hakimu. Nikakubali upesi, maana "mjukuu wangu" huwa ananiita mimi, si dada, na zaidi ya hapo bakuli lilikuwa lake, kwa hiyo na kosa kwa kiasi fulani ni lake.

Bibi akatema mbegu kiganjani. Akanitazama kuanzia magoti, yaliyochubuka kwa kutambaa nyuma ya minyaa, mpaka usoni. Nikaweka sura ya mtu anayestahili kubaki nyumbani.

"Mjukuu wangu, kujificha hujui, hata mnyaa ulikukataa," akasema. "Nenda Haneti, kule kazi ni kuonekana tu."